Msoma Makosa na Mjomba Wake

Haya ninayowaandikia hakuna atakayeyaamini, na wa kwanza kutoyaamini ni mimi mwenyewe. Ni habari ya msichana aliyejua kusoma makosa kabla hajajua vizuri kusoma maandishi, akaishia kusoma makosa ya kitu ambacho jicho halikioni. Ndani yake yumo pia mjomba wake, mchora vibao, mtu mwenye maneno mengi na shule kidogo. Mjomba huyo namfahamu sana. Suruali zake zinanikaa sawasawa, na nikijikuna mgongo yeye ndiye anayepata nafuu. Lakini nitamwita Mjomba tu, kama mtu wa mbali, maana kuna mambo aliyafanya ambayo mtu hawezi kuyaandika kwa kusema "mimi" akabaki na uso.

Msichana nyumbani anaitwa Rula. Jina hilo alipewa na mama yake, dada wa Mjomba, siku alipomkuta anapima vipande vya mkate kwa rula ya shule kabla hajakubali kipi ni chake. Kipande cha dada yake mdogo kilizidi nusu sentimita, akadai haki yake mpaka akaipata.

Karakana ya Mjomba ilikuwa ukuta mmoja na nyumba ya dada yake: chumba chenye mlango wa bati, sakafu ya saruji yenye matone ya rangi za miaka yote, na harufu ya tapentaini inayokukaba koo kabla hujapiga hodi. Brashi zilikaa ndani ya kopo la mafuta ya taa kama wagonjwa wanaolowesha miguu. Mlangoni palining'inia kibao cha kwanza alichochora maishani: PROFESA WA MAANDSHI. Wateja walipouliza I imekwenda wapi, aliwajibu imekwenda kula, itarudi saa nane.

Aliishia darasa la sita. Yeye husema aliacha shule kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha. Dada yake husema walimu walikuwa wameishiwa nguvu.

Basi siku moja wakaja watu wa afya na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: vibao ishirini na vinne vya kutundikwa kwenye zahanati. Walimwachia karatasi iliyopigwa chapa, mistari miwili tu. MEZA DAWA KILA SIKU. USIRUKE HATA SIKU MOJA.

Mtu mwenye akili zake angeibandika karatasi ile ukutani, akawa anaitazama kwa kila kibao. Mjomba aliitazama kwa kibao cha kwanza, akaiweka chini, kisha akatua juu yake kopo la rangi nyekundu linalovuja. Kibao cha pili akanakili kutoka cha kwanza. Cha tatu kutoka cha pili. Cha nne kutoka cha tatu. Akaenda hivyo siku nzima huku anapiga mluzi, akijiambia kwamba dunia nzima hakuna mkono mwepesi kama wake.

Rula, miaka kumi na mmoja, akarudi kutoka shule na sare yake. Alivuta vibao vile uani kimoja kimoja, akavipanga kwa mstari, akarudi nyuma hatua tatu, mikono kiunoni.

"Mjomba, hivi ni vya ukoo mmoja, lakini si wote ndugu wa karibu."

"Unasemaje?"

"Tazama cha tatu. KILA SKU. I imeanguka. Cha nne, KILA SKU. Cha tano, KILA SKU. Wote waliozaliwa na cha tatu wamerithi."

"Kibao hakizaliwi, mama."

"Vyako vinazaliwa. Cha tisa hiki, Z ya MEZA imegeuka, inatazama nyuma. Kuanzia hapo wana SKU na Z ya kugeuka. Lakini hivi vinne vya mwisho, SKU wanayo, Z yao imenyooka. Basi mama yao si cha tisa. Ni cha tano au cha sita. Ulitoka kwenda kunywa chai. Uliporudi ukakaa upande wa dirishani, ukanakili kile kilichokuwa karibu."

Mjomba akaligeukia dirisha. Chai alikunywa kweli, na dirishani alikaa kweli, kwa kuwa jua lilikuwa limehamia kwenye kiti chake. Na mtoto alikuwa darasani.

"Sasa hiki cha ishirini ndicho kinachonichekesha," Rula akaendelea. "Mstari wa juu umetoka kwenye kile cha dirishani, Z imenyooka. Mstari wa chini ni wa vile vya Z ya kugeuka. Umechukua kichwa huku na miguu kule. Kimechanganya damu."

"Mstari wa chini una nini?"

"Usome mwenyewe."

Akausoma. Akausoma tena kwa kidole. Kuanzia kibao cha kumi na mbili mpaka cha ishirini, kwa herufi nzuri nyekundu za kupendeza, palikuwa pameandikwa: URUKE HATA SIKU MOJA.

"Herufi mbili tu!" Mjomba akasema.

"S na I, Mjomba. Kwenye zahanati tisa umewaamuru watu waruke dawa."

Alivirudia vyote tisa. Kwa majirani alieleza kwamba alikosea makusudi, kumpima mtoto akili. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna aliyemsikiliza. Rula yeye alikuwa amechukua chaki na kuchora ukutani mti wa ukoo wa vibao, shina chini, matawi juu, kila tawi limeandikwa kosa lake. Mti ule ulikaa ukutani mpaka mvua zikaufuta.

Miaka ikaenda. Kwa Rula walimu waliishiwa kweli cha kumfundisha, ikabidi apelekwe mbele, na mbele zaidi. Leo anafanya kazi maabara, chumba cha baridi chenye friza zinazonguruma, mirija midogo kama kofia za kalamu, na watu waliovaa koti jeupe na glavu wanaoongea kwa sauti ya chini kana kwamba damu imelala. Kazi yake ni kusoma herufi za virusi vya UKIMWI. Kwenye kompyuta yake hupita vilima vya rangi nne, kila rangi herufi yake, na yeye huketi akivisoma kama mtu anayesoma barua ya mpenzi wake.

Siku ya kwanza alipomweleza Mjomba, walikuwa wamekaa juu ya makopo karakanani.

"Kirusi kimoja kina herufi kama elfu tisa na mia saba," alisema. "Herufi zenyewe ni aina nne tu. Kikiingia kwenye seli kinajinakili. Ila mnakili wake ana haraka, na hajisahihishi."

"Kama nani?"

"Sijataja mtu."

"Umenitazama."

"Wewe kwa siku unachora vibao ishirini na vinne ukijitahidi. Katika mwili wa mtu asiyetumia dawa, zinatoka nakala mabilioni kwa siku. Nyingi zina kosa hapa au pale. Makosa mengi yanakiua chenyewe kirusi. Mengine hayadhuru wala hayafaidishi. Moja moja linakisaidia, na hilo ndilo watoto wake wote wanarithi."

"Kwa hiyo mwilini mwa mtu hamna kirusi kimoja. Mna kijiji."

"Mna kijiji, na kila nyumba na tahajia yake. Na ukikusanya damu za watu wa nchi mbalimbali, ukazipanga kama nilivyopanga vibao vyako, unapata mti. Matawi yamepewa herufi, A, B, C, D na kuendelea. Mengine yamechanganyika: mtu akiwa na aina mbili mwilini, mnakili anaanza na moja, katikati anarukia nyingine."

"Kichwa huku, miguu kule."

"Ndiyo hivyo hivyo. Tena kwa kuhesabu makosa na kujua yanaingia kwa mwendo gani, wataalamu wamekadiria kwamba shina la matawi haya liliingia kwa binadamu kutoka kwa sokwe kama miaka mia moja na ushei iliyopita."

Mjomba alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa analijua hilo zamani, ila alikuwa anangoja mwingine alitaje.

Alikuwa na sababu ya kusikiliza. Miaka minne baada ya kazi ile ya vibao, alikuwa amepimwa akakutwa na virusi. Habari hiyo alimpelekea dada yake kwa namna yake: "Dada, ninavyo, lakini vinaniogopa." Dada akalia, akamaliza, akamwambia aache upuuzi aanze dawa. Akaanza. Na kwa miaka kumi na miwili alimeza kidonge chake kila jioni baada ya kuosha brashi. Vipimo vikawa vinarudi na maneno yaleyale: virusi havionekani. Alipunguza kukohoa, akanenepa, akapandisha sauti.

Sasa hapo ndipo akili ya darasa la sita ilipoanza kufanya kazi. Neno "havionekani" yeye alilielewa kuwa vimehama. Rula alimweleza zaidi ya mara tatu kwamba vimelala tu, vimejificha ndani ya seli, vinangoja dawa ipungue. Mjomba akaitikia ndiyo, ndiyo, mama, kisha akaanza udaktari wake. Kidonge leo, kesho hapana. Siku ndiyo, siku siyo. Akajipongeza kwa kubana matumizi ya vidonge kama vile alikuwa analisha familia navyo. Alifanya hivyo miezi saba.

Kisha ikaja kazi ya ghala la saruji. Ukuta mrefu kama uwanja wa mpira, herufi zenye urefu wa mtu, jukwaa la mabomba, mafundi wanane wanaolala ukumbi mmoja mbali na nyumbani. Siku ya kwanza, wakati wa chakula, fundi mabomba alimeza kidonge cha kichwa. Mjomba, aliyekuwa hajaulizwa na mtu, akajipiga kifua: "Mimi tangu nizaliwe sijawahi kumeza kidonge. Mwili huu ni chuma cha reli." Mafundi wakashangilia. Wakampa jina hapohapo, wakamwita Reli.

Utatoaje kopo la vidonge mbele ya watu waliokupa jina la Reli? Kopo lenyewe ukilishika linapiga kelele kama njuga. Akalifunga kwenye soksi, soksi akaifunga kwenye begi, begi akalisukuma chini ya kitanda. Jioni ya kwanza ikapita, na ya pili. Kibao chake cha zamani kilichoamuru watu waruke kilikuwa kimepata mtu mmoja wa kukitii, naye ndiye aliyekichora.

Aliporudi nyumbani tarehe ya zahanati ilikuwa imefika. Daktari wa chumba namba nne ni mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hana mchezo.

"Mzee wangu, vipimo vyako vimepanda. Vimepanda sana."

"Labda mashine imekosea."

"Tumerudia. Unameza dawa kila siku?"

"Daktari! Mimi? Majirani wanarekebisha saa zao wakiniona nameza."

Akamtolea na kadi yake ya kuweka alama za kila siku, imejaa vema kutoka juu mpaka chini. Daktari akaitazama, akamtazama yeye, akaandika.

"Basi kama unameza na bado vinapanda, huenda virusi vyako vimebadilika, dawa haivigusi tena. Damu yako itasomwa herufi. Nisikilize vizuri. Dawa za akiba zipo, lakini si nyingi. Nikichagua vibaya nitaiharibu akiba yako, na baada ya hapo sitakuwa na cha kukupa. Kuna chochote hujaniambia?"

"Hakuna, Daktari."

Alitolewa damu, akakariri namba ya mrija, akatoka pale na hofu. Lakini kujigamba ni ugonjwa wake wa kwanza, huo mwingine ulikuja baadaye. Kabla hajafika barabarani alikwisha kumpigia simu mpwa wake.

"Rula! Daktari anasema vimepanda sana, naja kwako! Nimo kwenye mrija, namba sifuri nne moja saba! Ukiona herufi zenye mwandiko wa kupendeza, ujue ni mimi!"

Upande wa pili ukasikika mlango ukifungwa.

"Mjomba, kwa nini umeniambia namba?"

"Unisome kwa upendo."

"Damu inakuja kwetu na namba bila jina ili tusijue ni ya nani. Sasa siwezi kuigusa."

Akaenda kwa mkuu wake akaeleza, na mrija ule ukapewa mwenzake wa meza ya pili. Matokeo yake Rula hakuyaona wala hakuyauliza. Lakini maneno "vimepanda sana" yalikuwa yamemkaa kifuani, na siku yake ya mapumziko, mchana, alikuja karakanani.

Mjomba alikuwa anachora mkasi wa kinyozi. "Karibu, daktari wangu! Umekuja kunipa habari njema?"

"Sina habari. Nimekuja kukuuliza kitu ambacho mashine haiwezi kukisoma. Uliacha dawa?"

"Nani, mimi?"

"Mjomba."

"Sijaacha! Nani kakwambia? Kadi hii hapa, alama zote zimo."

Kosa kubwa kuliko yote aliyoyafanya maishani, na orodha ni ndefu, ni kumpa Rula kitu cha kusoma. Msichana aliichukua kadi, akasogea mlangoni penye mwanga. Akaipitia mstari kwa mstari. Mjomba akachovya brashi, akachora mkasi ukawa na vidole vitatu.

"Kalamu moja," Rula akasema hatimaye. "Mwinamo mmoja. Wino unaanza na nguvu tarehe mosi, unafifia kidogo kidogo, tarehe ishirini umekaribia kukatika, hapa umeitikisa kalamu, ukarudi na nguvu. Mtu anayeweka alama moja kwa siku wino wake haufifii kwa mstari hivi. Kadi hii umeijaza kwa kikao kimoja."

"Mimi nina mkono usiobadilika. Ni kipaji."

"Na hapa umemeza dawa tarehe thelathini na moja."

"Enhe. Sikuruka."

"Mwezi wa kadi hii una siku thelathini."

Mjomba akaiweka brashi chini. Akaketi, na alipoketi ni juu ya kopo la rangi ya bluu lisilofunikwa, lakini hakunyanyuka.

Rula naye hakucheka. Akachuchumaa mbele yake.

"Nikwambie kwa nini naogopa. Kosa linalokisaidia kirusi kuishinda dawa huwa lina hasara yake: linakipunguzia mbio. Dawa ikiwepo, chenye kosa kinapita, vingine vinabanwa. Dawa ukiiacha kabisa, vile vya zamani vyenye mbio vinarudi, vinajaza uwanja. Wiki kadhaa zikipita, damu ikisomwa, tunaona hivyo tu. Inasomeka safi. Daktari anaona hakuna tatizo, anakuandikia dawa ileile. Na chenye kosa hakijafa, Mjomba. Kimekaa ndani ya seli kinangoja. Utaanza kumeza, kitainuka, kitajifunza kuishinda na dawa ya pili, na ya tatu. Mashine inasoma herufi zilizopo leo. Siku ulizoruka ziko kichwani mwako tu. Ngapi?"

"Mbili tatu."

"Ngapi?"

"Wiki. Wiki kama mbili."

"Kazi ya ghala ilikuwa miezi miwili."

Mjomba akatazama mikono yake yenye rangi. "Sitini na moja," akasema.

"Na kabla ya hapo?"

"Siku ndiyo, siku siyo."

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Kwa nini, Mjomba?"

Alitafuta neno kubwa la kujifunikia, akakuta ghala tupu. "Niliwaambia wale mafundi sijawahi kumeza kidonge. Wakaniita Reli. Nikaona nikitoa kopo watanivua jina."

Rula aliweka mkono wake juu ya goti la mjomba wake. Halafu akafuta macho kwa mgongo wa mkono, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Kesho asubuhi tunakwenda wote. Utamwambia Daktari hivi hivi ulivyoniambia. Bila kupaka rangi."

"Hata mkono wa kwanza wa rangi?"

"Hata msasa usipitishe."

Asubuhi ile Mjomba aliingia chumba namba nne akiwa na suruali ya pili, ile ya kwanza ikiwa imebaki bluu makalioni. Karatasi ya matokeo ilikuwa mezani. Ilikuwa imerudi safi, hakuna kosa hata moja la kuishinda dawa, kama Rula alivyohofia. Na karatasi ya dawa, dawa ileile ya zamani, ilikuwa imekwisha kuandikwa, imebaki kutiwa saini.

"Daktari," Mjomba akasema, "kabla hujatia saini. Nimekudanganya."

Akasema yote. Sitini na moja. Miezi saba. Kadi ya kikao kimoja. Hata tarehe thelathini na moja akaitaja, akiitazama sakafu, maana kufa anaweza kukuelezea, kuchekwa hawezi.

Daktari aliivua miwani ikaning'inia kifuani. Akaichana ile karatasi ya dawa mara mbili.

"Ungetoka na hii," akasema, "tungekutana tena baada ya mwaka mmoja, na nisingekuwa na pa kukupeleka. Sasa sikiliza. Utarudia vidonge vilevile, lakini kwa wiki nane tu, kila siku, mbele ya mtu. Kama kuna kilichojificha, kitajitokeza. Ndipo tutakisoma, tujue tubadilishe nini."

Mbele ya mtu maana yake ilikuwa mbele ya simu. Kila jioni Rula alipiga simu ya video, na Mjomba akameza, akafungua mdomo, akatoa ulimi, akauinua, kama farasi anayeuzwa. Wiki nane. Wiki ya tatu alimpigia fundi mabomba, akamwambia jina la Reli walichukue, yeye anameza vidonge, na vidonge vya nini akasema. Fundi mabomba akamwambia, "Mimi pia, kaka. Kile hakikuwa cha kichwa." Miezi miwili wamelala kitanda kwa kitanda, kila mmoja na kopo lake ndani ya soksi.

Damu ya pili ikasomwa, tena na yule mwenzake wa meza ya pili. Na kweli, kilikuwa kimejitokeza. Daktari alimwonyesha kwa ncha ya kalamu: mahali palipopaswa kuwa na A, pana G. Herufi moja katika elfu tisa na mia saba, na dawa moja kati ya zile zilizomo kwenye kidonge chake ilikuwa imegeuka maji.

"Moja tu?" Mjomba akauliza. "Mimi kwenye vibao nilikosea mbili."

"Hii moja ingetosha. Bahati yako tumeikuta ikiwa peke yake. Nyingine bado zinafanya kazi. Tunabadilisha sasa."

"Na virusi vyangu ni aina gani, Daktari? Mpwa wangu anasema vina herufi za ukoo."

Daktari akafunua ukurasa. "Ni mchanganyiko. Mbele A, nyuma D."

Mjomba aliirudisha habari hiyo mtaani kwa fahari. Alimwambia dada yake kwamba hatimaye amepata A, tena maabara, imeandikwa. Dada yake akamwuliza ile D ni ya nini. Akajibu D ameizoea, A ndiyo mgeni wa nyumba.

Dawa mpya akaimeza bila kuruka, kadi akaijaza alama moja kwa siku, na Rula akawa anaukagua wino wake kila mwisho wa mwezi. Miezi mitatu ikapita wakampima. Rula aliomba ruhusa kazini, akakaa naye kwenye benchi la zahanati, amemshika kiwiko, kana kwamba mjomba wake angeweza kuruka dirishani. Wakaitwa. Wakaingia. Daktari akafungua faili, akasoma mstari mmoja, akausoma tena kwa sauti: havionekani. Rula akainamisha kichwa mezani, mabega yakamcheza. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo lilipotokea jambo la kuandikwa kwa rangi ya dhahabu. Daktari alisimama. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kamba ya miwani. Akafungua mlango, akawaita wauguzi wote saba wa zahanati, wakajipanga ukutani, akamwinua Mjomba mkono juu, akatangaza kwamba katika miaka yake yote ya udaktari hajawahi kumwona mgonjwa mkweli kama huyu, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema uongo hata...

"Wauguzi saba, Mjomba?" Rula amesimama nyuma ya kiti changu, amejifunga mikono. "Muuguzi alikuwa mmoja, naye aliingia kufuata kiti."